Bawaba Zilikuwa Ndani

Nimechoka na malaika. Sina ugomvi naye, na kama alikuwepo siku ile anajua mwenyewe alifanya nini na hakufanya nini. Lakini kwa miaka minne nimemsikia akitajwa misibani, harusini, kwenye foleni ya maji, na juzi hapa kwenye duka la vifaa vya umeme Karatu mjini. Muuza duka, mzee mmoja Mwislamu mpole ambaye nadhani hajawahi kuingia kanisani hata mara moja, aliacha kupima waya akaniuliza kama ni mimi yule dada aliyefunguliwa mlango na malaika. Nikamwambia nataka mita mbili. Akanipimia mbili na nusu, ile nusu kwa heshima ya malaika.

Mlango ule aliufungua mdogo wangu. Aliufungua kwa kijiko.

Naomba nieleze kwa mpangilio, kwa sababu jambo hili limeshaelezwa mno, na karibu wote walioeleza hawakuwepo.

Kwetu ni Mbulumbulu, upande wa juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, ambako ukiamka asubuhi unakuta ukungu umeshakutangulia shambani. Baba alikuwa dereva wa watalii. Alishuka na kupanda kreta mpaka magoti yakamgomea, akastaafu, na hapo ndipo ulipoanza uvumi kwamba mgeni wake mmoja wa zamani amemkumbuka kwenye wosia. Ukweli ni kwamba mgeni alimtumia kadi ya Krismasi na darubini. Watu hawakutaka kusikia habari za darubini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafua mashuka kwenye lodge moja nje ya mji. Mdogo wangu alikuwa na kumi na tisa, anasoma useremala kwenye chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa lao. Baba alimwita Fundi Vigoda, kwa sababu mwaka wa kwanza wote alikuja nyumbani na vigoda tu.

Jumamosi moja mchana tulikuwa barabarani tukisubiri usafiri wa kwenda nyumbani. Gari likasimama, na ndani alikuwa mtu aliyewahi kuendesha watalii pamoja na baba. Tulimwita anko tangu tukiwa watoto. Alikuwa amekula kwetu mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zetu wa damu. Tukamwamkia, tukapanda. Alipofika kwenye njia ya kwetu akaipita, akasema anachukua mzigo mara moja kule mbele halafu anaturudisha. Kule mbele kulikuwa na ghala la ngano lililoachwa, mwisho kabisa wa mashamba, na mwanamume mwingine amesimama mlangoni na panga. Anko alituchukua simu. Alisema baba yetu ana pesa za wosia, anajua la kufanya, na kwamba tukitulia hakuna atakayeumia. Hakututazama usoni. Nadhani zile sahani za kwetu zilimsuta.

Tulikaa mle siku tisa.

Kuta zilikuwa za matofali, juu bati, tundu moja la hewa, magunia matupu, na harufu ya ile dawa ya kuhifadhia nafaka ambayo mpaka leo nikiinusa dukani natoka nje. Mlango ulikuwa wa mbao nzito. Komeo na kufuli vilikuwa nje. Siku mbili za kwanza mimi nililia tu. Mdogo wangu alilia siku ya kwanza. Ya pili akanyamaza, akaanza kuutazama mlango. Aliutazama kama mama anavyotazama nguo ya mtumba mnadani, kwa dharau na matumaini.

“Dada,” akasema, “bawaba ziko ndani.”

Sikumwelewa. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayerudia somo kwa mwanafunzi mzito. Ghala hujengwa ili mwizi asiingie. Kwa hiyo kufuli hukaa nje, mlango husukumwa kwa ndani, na bawaba hufichwa huku ndani ambako mwizi hawezi kuzifikia. Aliyeujenga mlango ule hakuwaza kabisa kuhusu mtu wa kutoka.

“Halafu kazi yenyewe mbovu,” akaongeza. “Bawaba mbili kwa mlango mzito hivi! Skrubu tatu tatu kwenye fremu. Mwalimu wetu angeuvunja huu mbele ya darasa.”

Tuliletewa makande mara mbili kwa siku, bakuli moja na vijiko viwili. Siku ya tatu kijiko kimoja hakikurudi. Mlinzi, yule wa panga, alipouliza, mdogo wangu alimwambia kimedumbukia kwenye ndoo ya haja, kama anakitaka akachukue. Hakuuliza tena. Mdogo wangu aliusaga mpini wa kile kijiko kwenye sakafu ya saruji mpaka ukawa mwembamba wa kuingia kwenye mfuo wa kichwa cha skrubu, kikawa bisibisi. Mafuta ya makande aliyachovya kwa kidole akapaka kwenye kutu. Skrubu ikishalegea, aliirudisha mahali pake kwa mizunguko michache tu, ili mlango usimame na usionyeshe kitu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuimba. Nilikuwa mwanakwaya, nyimbo ninazo. Niliimba ili mkwaruzo usisikike. Mara nyingine mlinzi alikuwa akiitikia kutoka nje, na niseme haki yake, besi aliijua.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Saa nne asubuhi tulisikia pikipiki ya mlinzi ikiondoka. Mdogo wangu alizitoa skrubu zote sita, mimi nikaushika uzito wa mlango, tukauvuta upande wa bawaba, tukapenya tukakimbia kwenye mabua ya ngano mpaka ukingo wa msitu. Pale tulikutana na mzee mmoja wa Kimaasai na ng'ombe wake. Alitupa maziwa ya kwenye kibuyu na shuka moja la kujifunika wawili. Kisha akaona kijiko mkononi mwa mdogo wangu.

“Hiyo ya nini?”

“Nimefungulia mlango.”

Mzee alikichukua, akakigeuza akakitazama pande zote, akamrudishia. “Basi wewe ndio morani,” akasema, akacheka mpaka ng'ombe mmoja akageuka. Akatusindikiza hadi barabarani. Ni yeye peke yake aliyeisikia habari hii sawasawa siku ya kwanza, na polisi hawakumpata. Waliniomba nimwelezee alivyo. Nikasema ni mzee, amevaa shuka jekundu, ana ng'ombe. Askari aliweka kalamu chini, maana Ngorongoro nzima ndiyo hiyo.

Anko na mlinzi wake walikamatwa wiki ileile. Laiti mambo yangeishia pale.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ibada ya shukrani. Kwetu mtu akipona ajali anasimama mbele kushukuru, mtoto akifaulu mtihani mama yake anasimama, hata ng'ombe aliyepotea akirudi kuna mtu atasimama. Sembuse waliotekwa. Mdogo wangu alikataa. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nikasimama mimi, nimekonda, nguo ya kuazima, na mwinjilisti akanishikia kipaza sauti.

“Mpendwa, mle ndani mlikuwa mnafanya nini?”

“Tulikuwa tunaimba.”

Kanisa likaguna kwa furaha.

“Na mlango ulifungukaje?”

Nikasema, “Mungu alitufungulia.”

Ndivyo tunavyosema. Mtu akifanyiwa upasuaji anasema Mungu ameniponya, na daktari hakasiriki. Sikudhani nimesema kitu cha ajabu. Lakini kila mtu mle alikuwa anaijua tangu shule ya Jumapili ile habari ya wafungwa walioimba mpaka milango ya gereza ikafunguka yenyewe, na sisi tulikuwa tumeimba, na mlango ulikuwa umefunguka. Vigelegele vilidumu mpaka mwinjilisti akashindwa kuendelea. Nilipotazama nyuma, benchi la mwisho lilikuwa tupu.

Mialiko ikaanza. Mama aliipokea yote. Simlaumu sana mama. Siku zile tisa alifunga, hakula kitu mpaka jua lizame, na mtu aliyefunga namna ile hataki kuambiwa kwamba jibu lilikuwa kijiko. Tulizunguka mtaa huu na mtaa ule, mimi natoa ushuhuda, mama ananishikia pochi. Kila nilipokwenda ushuhuda uliongezeka kidogo, kama mchuzi unavyoongezwa maji wageni wakizidi.

Malaika mwenyewe alizaliwa kijijini Daa. Nakumbuka vizuri. Mwinjilisti wa kule aliniuliza kama niliona mwanga. Ilikuwa saa nne asubuhi, mlango umetoka, jua la kiangazi limetupiga usoni. Nikasema ndiyo, niliona mwanga. Akaniuliza, na yule aliyeushika mlango alikuwa amevaa nini? Nilijua anamuulizia nani, na nilijua simfahamu. Mama alikuwa benchi la mbele, amenikazia macho, midomo inacheza kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Nikasema, “Meupe.”

Mdogo wangu siku ile alikuwa amevaa sweta ya kijani ya chuo, iliyochanika kiwiko. Mtu mmoja wa kwaya alirekodi kwa simu yake, na kufika jioni ile video ilikuwa imeshafika Arusha.

Mdogo wangu hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Aliacha chuo, akalisukuma sanduku la vifaa vyake chini ya kitanda. Kila nyumba aliyoingia alitazama kwanza bawaba, ndipo akasalimia. Mlango wa chumba chetu aliung'oa akauegemeza ukutani nje, na mama akatundika pazia. Mtu akimuuliza chochote kuhusu zile siku tisa, alijibu, “Muulizeni dada, yeye ndiye anayejua.” Mama aliuita huo unyenyekevu.

Na kijiko? Mama alikitupa chooni. Alisema kitu kilichotoka mahali pa mkosi hakikai ndani ya nyumba. Mdogo wangu alipokikosa aliingia jikoni, akatoa vijiko vyote kabatini, akavipanga mezani kimoja kimoja, akavigeuza, akavirudisha, akavitoa tena. Nilikuwa mlangoni namwangalia, nami nilishawahi kumwona akitafuta kijiko kile namna ileile.

Nami sikuwa mzima. Nikisikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu naingia mtaroni, na Karatu ni mji wa magari. Tangu asubuhi na mapema magari ya safari yanapita kwenda getini Ngorongoro, na kila moja lina dereva anayenipigia honi kwa sababu mimi ni mtoto wa fulani. Nilikwenda kazini kwa njia za uani kama mwizi wa kuku. Alikuja afisa mmoja wa ustawi wa jamii na fomu. Akauliza, unalala vizuri? Nikasema hapana. Akaweka alama. Akauliza, unakula? Akaweka alama. Mwisho akanishauri nijitahidi kusahau, akaniomba nisaini. Mji mzima ulikuwa unanikumbusha, na yeye ananiambia nisahau. Nikasaini.

Kuna jambo nimeliruka. Nimeliruka hata hapa, na ninaandika peke yangu, hakuna anayenishikia kipaza sauti.

Siku ya sita skrubu nne zilikuwa zimeshalegea, zimebaki mbili. Mlinzi alipofungua kuleta chakula, mlango ulilala kidogo ukakwaruza sakafu. Akaupiga teke. Akasema, “Huu mlango umechoka. Kesho naleta nyundo.” Akautazama kidogo, akatutazama sisi, akaondoka. Niliona kwamba atarudi, ataona, na atatukata. Mchana ule mdogo wangu alipopitiwa na usingizi, nilikichukua kijiko nikakiweka chini ya gunia langu, nikalikalia.

Alipoamka akakitafuta. Alipiga magoti akapapasa sakafu yote kwa viganja, akainua gunia moja baada ya jingine, akatikisa, akarudia. Akaniuliza, “Dada, hujakiona?” Nikasema sijakiona. Nilimwangalia akitafuta siku ile, nikamwangalia siku ya pili yake. Vidole vyake vilikuwa vinavuja damu kwa sababu alianza kujaribu kwa kucha. Sikutoa. Siku ya nane mchana, mlinzi hajaleta nyundo yoyote, alikuwa anajisemea tu, nikakirudisha pembeni ya ukuta, naye “akakiona”. Akaendelea na kazi, nami nikaendelea kuimba.

Sasa mnaelewa kwa nini sikumkataa malaika. Malaika akiwa amefungua mlango, hakuna anayeuliza dada mkubwa alikuwa anafanya nini. Ilikuwa rahisi kumvika mavazi meupe.

Kesi ilipigwa kalenda mpaka nikawajua wauza chai wote wa nje ya mahakama. Leo shahidi hayupo, kesho hakimu yuko likizo, mwezi ujao faili liko Arusha. Kila tarehe tulitoka Mbulumbulu tumevaa vizuri, tukarudi Mbulumbulu na vumbi letu. Kila safari mdogo wangu alizidi kunyamaza. Nilianza kuogopa kwamba siku kesi ikisikilizwa hatakuwa na sauti iliyobaki.

Ilipokuja kusikilizwa, yeye alitangulia. Mimi nilibaki nje, kwa kuwa shahidi ambaye hajasema haruhusiwi kusikia. Baadaye nilielezwa. Alisema alitoa skrubu sita kwa kijiko. Wakili wa anko akamuuliza kijiko kiko wapi. Akasema kilitupwa. Watu wakacheka, hata wa upande wetu. Kumbe wakili hakuwa na haja ya kumbana zaidi. Alikuwa ananisubiri mimi.

Nilipoingia niliona mabenchi yamejaa. Mama mbele, mwinjilisti wetu pembeni yake, na nusu ya kwaya wamevaa sare, sijui nani aliwaambia mahakamani kunavaliwa sare. Mdogo wangu alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikaapa. Nikaeleza anko, ghala, makande, kijiko. Wakili akasimama, akaomba kuionyesha mahakama video.

Nilijiona. Nimeshika kipaza sauti Daa, naongea kwa utamu, na mkono nimeuinua juu. “Meupe,” nikasikia nikisema. Kwaya ikaitikia amina mle mle mahakamani, na karani akawanyamazisha.

“Huyu ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Hapa unasema mlango ulifunguliwa na mtu mwenye mavazi meupe. Mdogo wako anasema kijiko, na kijiko hakipo. Mimi naiambia mahakama kwamba mlango ule haukuwahi kufungwa. Ninyi mlikuwa wageni wa mteja wangu, mkaondoka mlipotaka, habari za kutekwa mkaja kuzitunga nyumbani.” Akanitazama kwa huruma ya kununua. “Njia ya mwongo ni fupi, dada. Malaika au kijiko?”

Mama alikuwa akitikisa kichwa taratibu, na sikujua anataka nijibu lipi. Anko kizimbani alikuwa ametulia kama mtu aliyeshiba. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama bawaba za mlango wa mahakama.

“Kijiko,” nikasema. “Kanisani nilidanganya.”

Mwinjilisti aliinuka nusu, akakaa.

“Kwa hiyo wewe ni mwongo,” akasema wakili.

“Ndiyo. Na kuna uongo mwingine ambao hujaniuliza.”

Nikamwambia hakimu, si wakili, kwamba siku ya sita nilikificha kijiko chini ya gunia, nikakikalia siku mbili, na mdogo wangu alitumia kucha. Nilisema haraka, ili litoke liishe. Lakini mahakimu wetu huandika kwa mkono. Akainua kalamu.

“Taratibu, shahidi. Rudia.”

Nikarudia, kama imla. Nilikichukua kijiko. Akaandika. Nikakiweka chini ya gunia langu. Akaandika. “Halafu?” Nikalikalia. “Nani?” Mimi. “Kwa muda gani?” Siku mbili. “Aliulizia?” Aliniuliza, nikasema sijakiona. Kalamu ilikuwa inakwaruza karatasi, na mahakama nzima kimya ikisubiri neno langu linalofuata. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa kwa mwendo wa kalamu ya hakimu, na hakuna wimbo wa kufunika.

Anko alifungwa, na mlinzi wake. Kwenye hukumu hakimu alisema kwamba mtu anayetunga uongo hujitungia sifa, hajitungii aibu. Alisema anawaamini mashahidi wote wawili. Mdogo wangu aliyasikiliza maneno hayo akiwa amesimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya ushahidi tulitoka tukaenda kusubiri usafiri palepale barabarani, mahali palepale tulipopandia gari la anko, kwa kuwa hakuna kituo kingine. Mama alikuwa amepata lifti na kwaya. Nilimwambia mdogo wangu anisamehe. Alikuwa anakung'uta vumbi kwenye viatu.

“Nilijua,” akasema.

“Ulijua nini?”

“Niliinua magunia yote, dada. Lako tu sikuliinua.”

“Kwa nini hukuliinua?”

Akaacha kukung'uta viatu. “Anko alinifungia. Mlinzi alinifungia. Ningekikuta pale, ningekuwa nimefungiwa na watu watatu. Nikaona bora nisubiri ukirudishe mwenyewe.” Akatazama barabara. “Kile cha ghalani ulikirudisha. Kile cha kanisani ndicho kilichukua miaka.”

Gari likapunguza mwendo mbele yetu, na kwa mara ya kwanza sikurukia mtaroni, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuliona.

Mama hakusema nami wiki nzima. Siku ya nane, tunachambua maharage, akasema, “Basi malaika alimwongoza mkono.” Nikamwambia, “Mama, alifundishwa chuoni.” Akasema, “Na chuo alikipata kwa nani?” Nikajaribu tena, akahamia Kiiraqw, na mama akishahamia Kiiraqw mazungumzo yamekwisha. Video bado inazunguka. Mwezi uliopita nimetumiwa na mtu wa Digodigo ambaye hanijui, ameandika kwamba nikiituma kwa watu kumi nitafunguliwa milango. Natamani kutupa simu.

Mdogo wangu alirudi chuo, akamaliza. Sasa anatengeneza milango ya watu, na hasemi mengi bado, ila akiona kazi mbovu husema sana. Juzi, nilipokuwa nimekwenda kununua waya wa taa, alikuja kwenye chumba ninachopanga hapa Karatu, akaondoa mlango wa zamani uliokuwa haufungi vizuri, akaweka mwingine aliouchonga mwenyewe. Nilirudi na mita zangu mbili na nusu nikamkuta anapigilia msumari ukutani, ubavuni mwa fremu.

“Bawaba tatu,” akasema. “Ziko ndani.”

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kijiko. Kilikuwa kipya, mpini umesagwa ukawa mwembamba, na juu umetobolewa tundu. Akakitundika kwenye ule msumari.

“Hiki usikikalie,” akasema, akaufunga mlango, na sote wawili tulikuwa ndani.